Kidole cha Kuagia

"Usinikasirikie, mpenzi. Jumamosi haitawezekana."

Kijua aliihamisha simu kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, kana kwamba sikio jingine lingeletewa habari tofauti.

"Haitawezekana kivipi? Si wewe mwenyewe uliyesema wazee wanakuja Jumamosi?"

"Nilisema. Lakini bosi kanipangia kazi porini. Kuna eneo linatakiwa kupimwa kabla mwezi haujaisha. Huko hata mtandao hakuna."

"Hii ni mara ya nne."

"Najua ni mara ya nne. Unadhani mimi sioni aibu? Vumilia kidogo tu, Kijua wangu. Subira yavuta heri."

"Hiyo heri yangu nayo inavutwa kwa kamba ya urefu gani?"

Upande wa pili mwanaume akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kinaanzia puani kisha kinashuka kifuani, kicheko cha kumsahaulisha mtu alichokuwa anagombea. Na Kijua, Mungu amsamehe, akasahau.

"Nakupenda," akasema yule mwanaume. "Nenda kapime jua lako usije ukawachelewesha wageni."

Simu ikakatika.

Pale dirishani shangazi yake alikuwa ameinamia cherehani akishona pindo la pazia. Mguu wake ulikuwa umetulia tangu simu ilipoita, maana cherehani ikilia mtu hasikii vizuri mambo ya wenzake.

"Hao wazee," akasema bila kuinua uso, "wanakuja kwa magoti?"

"Shangazi, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu. Mwaka wa tatu huu tangu washike safari. Konokono angeshafika, akapumzika, akarudi kwake."

"Ana kazi nyingi."

"Kazi anayo, sikatai. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, mwanangu. Wewe ulishatolewa zamani, sasa unazungukazunguka tu hapa juani." Akakata uzi kwa meno. "Haya, nenda. Leo mgeni wako ni mmoja, msichana. Alipiga simu asubuhi, anataka kupelekwa peke yake, hataki kuchanganywa na watu."

Kazi ya Kijua ilikuwa kutembeza wageni jioni katika ule mtaa wa zamani uliojengwa ubavuni mwa kilima, nyumba za mawe zimepandiana mabegani, ngazi mia tatu na kumi na mbili zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwisha kufa. Matembezi yalikuwa na vituo vitatu vya kutazama mandhari: kibaraza cha tangi la maji, kona ya kengele, na ukuta wa juu. Utamu wote ulikuwa kufika ukutani jua linapogusa mgongo wa vilima vya mbali. Ukiwahi, wageni wanachoka kusubiri, wanaanza kutazama simu zao. Ukichelewa, umewapandisha watu ngazi zote zile kwa ajili ya giza.

Saa ya mkononi hakuiamini, kwa sababu jua la mwezi huu si la mwezi ule. Alipima kwa vidole. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, akaukunja kwenye kifundo hata vidole vikalala bapa, kimoja juu ya kingine, kisha akahesabu ni vidole vingapi vimeenea kati ya jua na vilima. Kila kidole ni robo saa.

Isipokuwa cha mwisho. Alipokuwa na miaka sita kidole hicho kilibanwa na mlango, kikapona vibaya, chembamba, kimepinda, unene wake nusu ya wenzake. Kwa hiyo alikihesabu nusu. Kiganja kizima cha Kijua kilikuwa vidole vitatu na nusu, dakika hamsini na mbili, na hakijawahi kumwangusha.

Alikuwa akipima kwa kujificha. Watu hutazama kilema kuliko wanavyotazama mandhari, kwa hiyo mkono wa kushoto aliuzoesha mfukoni. Waliojua hesabu ile walikuwa wawili tu: shangazi yake, na mpima ardhi.

Mpima ardhi alikuja mtaani miaka mitatu iliyopita na vyombo vyake vya miguu mitatu, kupima kuta zilizokuwa zinapasuka. Alipomfuma Kijua amenyoosha mkono nyuma ya tangi alicheka sana. Kisha akatoa saa yake, akamjaribu jioni saba mfululizo. Jioni ya saba aliirudisha saa mfukoni, akakishika kile kidole kilichopinda, akakibusu.

"Hiki ni kidole cha kuagia," alimwambia. "Likifika hapa, jua linaaga."

Hakuna mtu aliyewahi kukitaja kidole kile kwa wema. Tangu jioni ile Kijua alikuwa wake.

*

Mgeni alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza akifunga kamba za raba zake nyeupe. Msichana mwenye uso wa kucheka, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kijani.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye Kijua?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Hizo raba zitarudi na rangi nyingine, mdogo wangu."

"Zirudi tu na rangi yoyote, mradi mimi nirudi mzima. Mimi ni mfamasia, dada. Kutwa nimesimama nyuma ya kaunta nawaambia watu kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mazoezi yangu ni kunyoosha mkono kwenye rafu."

Wakacheka, wakaanza kupanda. Ngazi zilipita katikati ya nyumba, karibu kabisa, hata ukisikia kijiko kikianguka jikoni kwa watu unajua ni cha chai au cha mchuzi.

"Kwa nini umetaka kuja peke yako?" Kijua akauliza.

"Ni siri. Naoa." Akajiziba mdomo. "Naolewa, namaanisha. Furaha imenivuruga ulimi. Baada ya wiki tatu. Nataka tupigie picha huku, lakini mwenyewe hataki kunileta. Amenisimulia mtaa huu mpaka nikauota, ila nikimwambia twende anasema ngazi nyingi, goti linamsumbua."

"Wanaume na magoti yao," Kijua akasema, akamkumbuka shangazi, akatabasamu.

"Basi nimekuja kukagua mwenyewe. Siku ya siku nitamfunga macho nimlete. Na wewe, dada? Umeolewa?"

"Niko njiani. Wazee walikuwa waje Jumamosi, mambo yakaingiliana."

"Ah, kumbe sote ni mabibi harusi." Mfamasia akamshika bega. "Usijali, watakuja. Wa kwetu wanakuja hiyohiyo Jumamosi kumalizia mazungumzo na baba. Nitakuombea na wewe."

Kijua akampenda kwa moyo wote. Kuna watu unakutana nao kwenye ngazi unatamani wangekuwa ndugu zako.

Kwenye kibaraza cha tangi alimsimulia habari za zamani: jinsi maji yalivyokuwa yakipandishwa kwa punda, jinsi mafundi walivyojenga madirisha yote yakitazama magharibi ili wenye nyumba wasichome mafuta ya taa mapema. Mfamasia alipiga picha, akauliza maswali, akasikiliza majibu. Simu ya Kijua ikatetemeka mfukoni.

"Umekula, mpenzi? Usipande ngazi na njaa. Nafikiria kidole changu."

Akasoma mara mbili. Akaona amemwonea bure yule mwanaume. Jumamosi moja ni nini mbele ya maisha mazima?

*

Kona ya kengele ni mahali ngazi zinapogeuka. Kengele yenyewe haijalia miaka mingi, imebaki mwili bila ulimi. Ukisimama pale unaona mapaa yote ya mtaa chini yako, na mbele yako jua lenyewe, halijaiva bado.

"Tuna muda gani, dada? Ngoja, usiniambie. Nitahesabu mwenyewe."

Mfamasia akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake. Akaukunja kwenye kifundo. Vidole vikalala bapa, kimoja juu ya kingine, vinne, virefu, vizuri, vimejaa.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu, "na nusu. Dakika hamsini na mbili."

Kijua akashika ukuta.

"Na nusu?" akasema.

"Ndiyo. Kila kidole robo saa, ila cha mwisho kinahesabiwa nusu."

"Kwa nini nusu?"

Mfamasia akakitazama kidole chake cha mwisho, kana kwamba hajawahi kujiuliza. "Ndivyo ilivyo. Mchumba wangu ndiye aliyenifundisha. Anasema hicho ni kidole cha kuagia. Likifika hapo, jua linaaga." Akacheka. "Ila mimi sijui vizuri. Kila nikihesabu nakosea. Dakika zangu zinaisha, jua bado lipo. Ananiambia tatizo langu nina haraka."

Kijua akajiambia watu ni wengi duniani, na vidole ni vingi.

"Anafanya kazi gani, mchumba wako?"

"Mpima ardhi."

Na wapima ardhi nao ni wengi, akajiambia. Alikuwa bado anawahesabu wapima ardhi wa dunia nzima simu ya mfamasia ilipolia. Msichana alikuwa ameshika chupa ya maji mkono mmoja, kwa hiyo akaibonyeza kwa kidole gumba, sauti ikatoka nje kwa wote.

"Mke wangu. Uko wapi?"

"Saluni," mfamasia akasema, akamkonyeza Kijua.

"Saluni tena? Utabakiwa na nywele siku ya harusi?" Kikafuata kicheko, kikaanzia puani, kikashuka kifuani. "Sikiliza. Wazee wamethibitisha. Mwambie baba Jumamosi saa nne asubuhi, hatuchelewi. Mzee wangu ameshanyoosha na koti."

"Nitamwambia. Nakupenda."

"Nakupenda zaidi."

Kumbe wazee walikuwepo. Walikuwa na miguu, walikuwa na koti, walikuwa na saa nne asubuhi. Ila njia yao haikuwahi kupita kilimani.

"Dada, vipi? Umebadilika uso."

"Kizunguzungu kidogo. Twende, tusichelewe."

*

Kutoka kona ya kengele hadi ukuta wa juu ni ngazi mia moja na nane, nyembamba, mtu mmoja mbele mwingine nyuma, hupandwa polepole kwa mapumziko mengi hadi jua liive. Kijua alitangulia. Hapo ndipo alipojua faida ya kutangulia, maana machozi yalimshuka hadi kidevuni na hakuna aliyeyaona. Nyuma yake msichana alikuwa akieleza habari za gauni.

"Mama anataka lenye mikono mirefu. Mimi nataka la mikono mifupi. Yeye anasema lolote, mradi nivae."

Kijua akatoa simu, akaandika huku anapanda: "Jumamosi utakuwa wapi hasa?"

Jibu halikuchukua hata ngazi kumi.

"Nimekwambia porini, mpenzi. Mbona huniamini siku hizi? Shangazi yako anakujaza maneno."

Akairudisha simu mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka mitatu, na Kijua aliitembea yote akidhani ni barabara.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, tusimpambe. Angemwonyesha mgeni jua, angemshusha salama, angerudi nyumbani, na Jumapili mwanaume angempigia kutoka "porini" na kicheko chake. Labda harusi ingevunjika kwa sababu nyingine. Labda angemchagua yeye. Mtu akizama hukamata hata unyasi.

"Dada," msichana akasema nyuma yake, akihema, "nikikuomba uje harusini utakuja? Sina dada mkubwa. Nimekupenda."

Kijua akasimama. Hakugeuka.

"Maliza ngazi kwanza," akasema.

*

Ukuta wa juu unafika kiunoni. Mawe yake yalikuwa bado na joto la mchana. Jua lilikuwa limeiva, jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho.

Mfamasia akanyoosha mkono, akaweka kidole cha mwisho peke yake kati ya jua na vilima. Kikaenea barabara.

"Kimebaki cha kuagia," akasema kwa furaha. "Dakika saba na nusu."

"Ni kumi na tano."

"Nusu ya kumi na tano ni..."

"Kidole chako ni kizima, mdogo wangu. Kihesabu kizima. Ni robo saa kamili."

Kijua akautoa mkono wa kushoto mfukoni. Akaunyoosha pale pale, ubavuni mwa mkono wa msichana, viganja viwili mbele ya jua moja. Vidole vitatu vilifanana. Cha nne upande mmoja kilikuwa kimejaa. Upande wa pili kilikuwa chembamba, kimepinda.

"Nusu ni hiki," akasema. "Mlango ulinibana nikiwa mtoto. Hesabu uliyofundishwa ni ya mkono wangu."

Mfamasia aliutazama mkono wake, akautazama wa Kijua, akautazama wake tena. Kisha akaushusha polepole.

"Wewe ni nani?"

"Mwaka wa tatu huu nasubiri wazee wake."

"Hapana." Akarudi nyuma hatua moja. "Labda mlikuwa pamoja zamani. Kila mtu ana ya zamani. Ukajua naja, ukajipanga. Unataka kunivunjia harusi."

"Sikujua unakuja. Ulipiga simu mwenyewe, shangazi yangu akapokea."

"Basi ni ya zamani."

Kijua alimpa simu yake. Kidole cha msichana kilishuka juu ya kioo, kikapanda, kikashuka. Simu ya leo saa kumi na dakika hamsini. *Umekula, mpenzi. Nafikiria kidole changu. Nimekwambia porini.*

"Porini," mfamasia akasoma kwa sauti. "Jumamosi yuko kwetu, saa nne. Nimenunua mpaka vikombe vipya."

"Najua. Nimesikia."

"Ulipomsikia pale kwenye kengele, mbona hukusema?"

"Nilikuwa najitafutia sababu ya kunyamaza."

Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwa msichana. Kwenye kioo lilikuwa limeandikwa jina *Wangu*. Walitazamana. Mfamasia ndiye aliyebonyeza, akaiweka juu ya ukuta, sauti wazi.

"Kijua, mbona umenyamaza? Hayo maswali ya Jumamosi yametoka wapi?"

"Nina mgeni," Kijua akasema.

"Mgeni gani?"

"Msichana mmoja. Mfamasia."

Ulisikika upepo tu, na mahali fulani chini mtu akifunga dirisha.

"Nisikilize vizuri, mpenzi," sauti ikarudi, laini, ya mtu anayembembeleza mtoto. "Huyo mwanamke ana matatizo. Ananifuatafuata. Nilikuwa nanunua dawa kwake, akajipa mawazo. Hata ndugu zake wanajua hayuko sawa. Chochote atakachokwambia usikiamini. Mshushe, aende zake. Mimi Jumapili nakuja, tutazungumza."

Mfamasia alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Akainamia simu.

"Na kidole cha mwisho?" akauliza. "Nacho nisikiamini?"

Kisha kioo kikazimika.

Pengine mngetaka walie wakiwa wamekumbatiana. Hawakukumbatiana. Walisimama hatua mbili mbali, kila mmoja na lake. Mfamasia alianza kulia kimyakimya, halafu kwa sauti, halafu kwa sauti ambayo hakuijali tena. Kijua aliyatazama mawe. Maumivu yake hayakuwa na kelele, yalikuwa mazito tu, chini ya mbavu, na alijua yatakaa.

Dakika saba na nusu zikaisha. Jua bado lilikuwa pale, limekalia mgongo wa vilima, halina habari na mtu.

Mfamasia akafuta uso kwa kitambaa chake cha kijani. Akalitazama.

"Bado lipo," akasema.

"Siku zote lilikuwa linakaa hivyo."

"Mwaka mzima ananiambia nina haraka. Nikajiona mimi mwenye kasoro. Nikawa nasema samahani."

"Hukuwa na haraka, mdogo wangu. Ulikuwa unahesabu sawasawa kwa hesabu isiyo yako."

Wakabaki ukutani hadi jua likazama. Hakuna aliyepiga picha.

*

Kuna sheria moja katika kazi ile: mgeni haachwi kilimani. Hata akikutukana, unamshusha. Mwanga ulikuwa unafifia na ngazi zilizolika hazionekani vizuri, na macho ya msichana yalikuwa yamejaa maji. Kwenye ngazi ya tatu raba nyeupe ikateleza. Kijua akamdaka kwa mkono wa kushoto. Mfamasia hakuuachia tena, hadi chini.

"Umenivunjia harusi," akasema walipofika kona ya kengele.

"Ndiyo."

"Sijui kama nikushukuru au nikuchukie."

"Leo nichukie. Kushukuru utaona mbele ya safari."

"Ulimpenda?"

"Mpaka saa kumi na moja na nusu leo. Na sasa hivi bado, hiyo ndiyo shida yangu. Wewe?"

"Na mimi."

Kwenye ngazi ya kwanza waliachana bila kuagana. Msichana aliondoka haraka, kitambaa mkononi, hakugeuka nyuma.

Nyumbani taa ilikuwa imewashwa. Shangazi alimsikia mlangoni, akafungua mdomo. Alikuwa ameandaa neno kuhusu wazee na magoti, unamjua. Akamwona uso. Akaufunga mdomo. Akainuka kwenye cherehani, akamkalisha kwenye kiti chake, akamkumbatia kichwa tumboni kwake kama alivyofanya siku ya mlango.

"Kinauma?" akauliza, kana kwamba bado ni kidole.

"Kinauma, shangazi."

"Najua, mama. Najua."

*

Mwanaume alipiga simu mara kumi na tisa kati ya Alhamisi na Ijumaa. Aliandika kwamba ni shetani, kwamba alichanganyikiwa, kwamba moyo wake ulikuwa kwake siku zote. Kijua alisoma yote. Hakujibu hata moja, na kila moja ilimliza.

Jumamosi saa saba mchana ukaingia ujumbe wa namba nyingine.

"Dada, wazee walikuja saa nne. Baba aliwakaribisha wakakaa. Kisha akamwambia mwanaume mwenyewe anyooshe mkono, ahesabu vidole vyake mbele ya watu, aeleze cha mwisho kwa nini ni nusu. Alinyoosha. Hakuweza kueleza. Mzee wake aliinuka wa kwanza, akaomba radhi, akavaa koti. Wameondoka. Sijala tangu siku ile. Wewe je?"

Kijua akaandika: "Nami hivyohivyo." Halafu akaongeza: "Kunywa hata uji."

Jioni alikuwa na wageni tisa. Shangazi alimwambia apumzike, akakataa. Nyuma ya tangi alitoa mkono wa kushoto mfukoni ili apime, akakiona kile kidole, akashindwa. Akaurudisha. Akanyoosha wa kulia, ambao hajawahi kuupimia maishani. Moja, mbili, tatu, na nusu. Akawapandisha wageni mwendo wa kawaida, akawasimulia punda, akawaonyesha kengele isiyo na ulimi, akachekesha mahali pa kuchekesha.

Wakafika ukuta wa juu, wakapanga mstari, simu mikononi. Alipoona wakati umefika akawaambia, "Haya, tazameni, linaaga."

Wakatazama. Halikuaga.

Dakika ikapita, zikapita tatu. Mzee mmoja mwenye kofia akamgeukia.

"Mbona haliondoki, binti? Au leo limechelewa?"

Kijua akautazama mkono wake wa kulia, vidole vinne vizima, havijawahi kubanwa na mlango wala kubusiwa na mtu. Machozi yakamtoka mbele ya wageni tisa, na safari hii hakuwa ametangulia mbele yao ngazini.

"Halijachelewa, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Tusubiri."